Siku Kati ya Madaftari Mawili

Mwaka 2009, kliniki nilikokuwa karani wa takwimu ilikuwa na madaftari mawili yasiyojuana. La kwanza lilikaa kwa sista: tarehe ambayo mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na VVU alichomwa kisigino, matone yake matano ya damu yakakaushwa kwenye kadi. La pili lilijazwa bahasha za majibu ziliporudi kutoka maabara ya kanda. Yote mawili yaliandikwa vizuri, lakini hakuna aliyeweza kukwambia mtoto fulani alisubiri siku ngapi.

Na kusubiri kulikuwa na gharama. Bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa 2008, ulionyesha kuwa kuwaanzishia dawa mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76.

Mwanzoni tulihesabu kwa kalenda ya ukutani. Kisha ikaja kompyuta, nikajifunza kuwa kwenye Excel tarehe ni namba tu: 15 Machi 2010 ni 40252, hesabu inayoanzia 1900. Toa moja kwenye nyingine, siku zinabaki. Kazi kubwa ilikuwa kuzikutanisha tarehe zenyewe. Tukaingiza kila daftari kwenye programu ya hifadhidata ya Access kama jedwali lake, tukayaunganisha kwa namba ya mtoto.

Kompyuta ilikuwa imepangwa kwa tarehe za Kimarekani, mwezi ukitangulia. Sampuli ya 5/4 ikageuka 4 Mei. Majibu ya 20/4, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini, yakabaki 20 Aprili. Mtoto akaonekana kujibiwa siku 14 kabla ya kupimwa. Namba hasi zilitusaidia kuzikamata tarehe hizo.

Wastani wa kwanza ulipotoka, ulipokelewa kwa furaha. Mimi sikutulia. Uunganishaji wa kawaida huchukua tu mistari yenye mwenzake upande wa pili, kwa hiyo mtoto ambaye jibu lake halijarudi haingii kabisa. Aliyesubiri kuliko wote ndiye aliyeachwa nje ya hesabu! Nikaupanga upya: kila sampuli ibaki, na pasipo na tarehe ya jibu, itumike tarehe ya leo. Papo hapo wakajitokeza waliopita wiki nne, ukomo uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, na wengine waliokuwa wakihesabu miezi. Orodha ile, aliyesubiri zaidi akiwa juu, ndiyo sista aliyoitumia kuwapigia simu maabara na akina mama. Naamini ndiyo ripoti bora niliyowahi kutoa, na haikuwa na wastani hata mmoja.

Mwaka 2016 shirika hilo hilo liliidhinisha mashine ya kwanza ya kupimia watoto hapo hapo kliniki, majibu yakitoka ndani ya saa moja. Mashine za aina hiyo zilipofika kwetu, safu ya siku ilianza kujaa sifuri, tukalazimika kuandika na saa. Nikaunganisha jedwali la tatu, la kuanza dawa, maana jibu la haraka halimtibu mtoto ambaye dozi yake imechelewa. Siku hizi naanza na pengo hilo, kati ya jibu na dozi ya kwanza, na wasio na tarehe ya dozi ndio ninaowaweka juu.