Shahada Mbili, Nauli ya Mjomba

Je, una mtoto aliyehitimu lakini bado anakuomba nauli?

Mpwa wangu anasomea shahada ya pili ya masuala ya kawi. Majuzi alipata mafunzo ya kazini, miezi mitatu bila malipo, katika kampuni ya pikipiki za umeme. Kila Jumatatu alibisha kwangu: "Mjomba, nisaidie nauli." Nilimpa nikinung'unika.

Jumapili moja nikamkemea: "Shahada mbili, na kazi yako ni kuhesabu bodaboda?"

Hakukasirika. Alinifungulia daftari. Mwaka wa 2023, alinieleza, EPRA ilitenga bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari na pikipiki: Sh16 kwa yuniti, na nusu yake usiku, kwa kuwa tukilala mvuke wa Olkaria haulali. Yeye huandika saa ambazo waendeshaji huja kubadilisha betri, ijulikane kama nafuu hiyo inawafikia.

"Sera huandikwa mezani, mjomba, na mwenye bodaboda hayupo pale."

Nilinyamaza. Siku hizi natoa nauli bila kinyongo. Lakini nanyi wenye kampuni, ikiwa hesabu hiyo ina faida kwenu, mbona ilipiwe na mjomba?