Banda la Simbilisi na Swali la Binti Yetu

Likizo ya shule ilipoanza, mjomba wa watoto alikuja Dar es Salaam kutoka Iringa na kapu lenye simbilisi majike wawili, mmoja mweupe na mwingine wa kahawia. Katika Nyanda za Juu Kusini mnyama huyu si mgeni. Kwetu alikuwa kitu kipya. Jirani aliposikia kuwa jina lake la Kiingereza lina neno nguruwe, alishituka. Tulimweleza kuwa jina si nasaba: simbilisi ni wa jamii moja na panya na nungunungu, na asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita.

Siku ya pili tulimjengea banda. Tulikuwa na boksi la mbao, misumari na kipande cha waya wa kuku. Waya tuliuweka sakafuni ili uchafu udondoke chini, nasi tupumzike na kufagia. Tukaliweka banda barazani, chini ya bati, mahali ambapo kila mgeni angeliona. Tulijisifu.

Baada ya wiki mbili, binti yetu alirudi kutoka madrasa akachuchumaa mbele ya banda. Simbilisi mweupe alikuwa amejikunyata pembeni, hali. Nyayo zake zilikuwa nyekundu, zimechubuka. Siku hiyo mwalimu alikuwa amewasomesha habari aliyotueleza Mtume (SAW), ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie riziki. Binti akatutazama, akauliza: “Baba, na huyu naye atatushitaki?”

Tulitaka kujibu kwamba chakula tulimpa na maji tulimpa. Lakini ulimi ulikuwa mzito, kwa kuwa tuliona wazi jinsi banda lile lilivyojengwa kwa ajili ya raha yetu, si yake.

Tulimwita bwana mifugo. Alitupatia dawa ya vidonda, kisha akatufundisha tuliyopaswa kuuliza mwanzo. Sakafu ya waya huumiza nyayo za simbilisi. Joto kali linaweza kumuua, na chini ya bati mchana tulikuwa tunamwoka. Mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo pumba peke yake haitoshi. Meno yake hayaachi kukua, hivyo anahitaji nyasi za kutafuna wakati wote.

Jumamosi tulishika msumeno upya, safari hii pamoja na watoto. Tulijenga banda la urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, lenye sakafu ya mbao laini iliyotandikwa nyasi kavu. Waya ulihamia ubavuni na juu, ili hewa ipite na paka asiingie. Mlango tuliutia bawaba na komeo. Ndani tuliweka kijumba chenye milango miwili, kwa kuwa mnyama huyu ni mwoga; akisukumwa na mwenzake mlango mmoja, apate pa kutokea. Banda tuliliweka kivulini, chini ya mwembe. Kufagia sasa ni kazi ya kila asubuhi, na kila mtoto ana zamu yake.

Tulimkumbusha binti yetu pia habari ya Abu Umair, mtoto aliyekuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume (SAW) akawa anamuuliza habari zake kwa upole. Hakumkataza kukifuga. Wanazuoni wamechukua humo ruhusa ya kuweka ndege kizuizini, maadamu anapewa haki yake. Basi kosa letu halikuwa kufuga. Kosa lilikuwa kuifunga roho isiyoweza kusema, kisha tusijishughulishe kuijua.

Alhamdulillahi, nyayo zimepona. Mweupe akisikia kisu kikikata pilipili hoho jikoni hupiga mlio kama filimbi, na mwenzake humwitikia.

Wazazi wenzetu, mtoto akiomba mnyama, msikimbilie nyundo. Ulizeni kwanza mnyama huyo anahitaji nini, kwani siku ya kuulizwa sisi inakuja, na yeye hatakuwa bubu tena.