Sauti ya Babu Huko Mgeta

Wenyeji huiita Morogoro "mji kasoro bahari". Ukishuka kituoni Kihonda na kuinua macho kuelekea kusini, unaiona milima ya Uluguru imejifunika ukungu kama bibi aliyejitanda kanga asubuhi ya baridi, nawe unakubali kwamba kweli mji huu umepungukiwa bahari tu. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 190 kwa barabara. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme imeifanya safari hiyo kuwa fupi kuliko muda wa kuchemsha maharage.

Mwishoni mwa mwaka jana tulikwenda huko, baba, mama na watoto watatu. Hatukwenda kutembea tu. Tulikuwa na shughuli moja ndogo iliyotusumbua kwa miezi mingi: kutafuta waya wa spika.

Kaseti iliyokataa kusema

Bibi, yaani mama mzaa baba watoto, anaishi Mgeta, upande wa magharibi wa milima. Nyumba yake iko katika ardhi ya ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Sebuleni mwake kuna redio kubwa ya kaseti na spika mbili za mbao. Marehemu Babu alizinunua alipokuwa bado kazini, na Bibi huzifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe.

Katika droo ana kaseti moja ya siku ya harusi yetu, mwaka 1994. Ndani yake Babu anatoa nasaha. Alifariki kabla ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo watoto hawakuwahi kumsikia.

Mwezi Juni Bibi aliiweka ili wajukuu wamsikie. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, haina kifua, tena haieleweki inatoka upande gani wa chumba. Babu alikuwa na sauti nzito. Akiita kutoka bondeni, mtu wa juu ya mlima alisikia. Bibi alisikiliza kidogo, akazima.

"Huyu si mzee wangu," alisema. "Kaseti imekufa."

Hakusema neno tena jioni ile. Baba watoto alichungulia nyuma ya spika, akakuta waya umetafunwa na panya, na fundi fulani aliwahi kuuunga kwa vipande na kuufunga kwa utepe mweusi. Tukaahidi kurudi na waya mpya.

Mjini Morogoro

Kabla ya kupanda mlimani tulilala mjini. Morogoro ni mji wa muziki tangu zamani. Hapa ndipo ilipokuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipovumia akiwa na Morogoro Jazz. Mji wa namna hiyo haukosi mafundi wa redio.

Duka la kwanza tuliloingia lilikuwa zuri sana. Muuzaji alitutolea waya mnene, plastiki yake inang'aa kama kioo, ncha zake zimepakwa rangi ya dhahabu. Alisema waya huo utaifanya redio ya zamani iwe mpya. Baba watoto aliushika, akaugeuzageuza, na macho yake yakabadilika. Wake wengi mnayafahamu macho hayo! Bei yake ilikuwa sawasawa na fedha tulizotenga kwa sare za shule za mwezi Januari. Tulitazamana. Kila mmoja alimkumbuka Bibi akizima redio, na karibu tutoe fedha.

Tuliomba ruhusa tukafikirie. Mtaa wa pili tulimkuta fundi mmoja mzee akichomelea redio barazani. Tulimweleza habari yetu, naye akatuuliza maswali mawili tu: "Kutoka redio hadi spika ni mita ngapi? Na nyuma ya spika pameandikwa omu ngapi?"

Tulimwambia mita 8, na omu 8.

"Basi mama," alisema, "waya ni kama mfereji. Kule Mgeta si mnamwagilia kwa mifereji? Mfereji mwembamba na mrefu, maji hupotea njiani. Mfereji wa kutosha, maji yanafika. Ukiuchimba mara tano zaidi ya haja, kabichi haitajua tofauti."

Alitushauri tununue waya wa shaba tupu wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, ule wa nyuzi nyingi ndogo unaopinda kwa urahisi. Tulipofika nyumbani, baba watoto alipiga hesabu. Kwa mita 8 kwenda na 8 kurudi, waya huo huzuia umeme kwa takriban omu 0.18 tu, ambayo ni kama sehemu 2 katika 100 za ile omu 8 ya spika. Hakuna sikio litakaloona upungufu huo. Waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba ungezuia mara tatu zaidi. Kama spika ni za omu 4, au nyumba ni kubwa na waya ni mrefu, ndipo inafaa kupanda hadi milimita 2.5.

Kisha alitufundisha jambo ambalo kila mama aendaye dukani alijue. Alichukua kipande cha waya mnene kilichofanana na kile cha dukani, akakwangua nyuzi zake kwa wembe. Juu zilikuwa nyekundu, ndani nyeupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, na hukatika upesi ikipindwapindwa. Alikwangua waya wake mwenyewe, ukawa mwekundu hadi ndani. Zaidi ya hayo, waya wa shaba ni mzito mkononi, na wa alumini ni mwepesi. Unene wa plastiki hausemi lolote juu ya kilicho ndani yake.

Tulinunua mita 16 kwa bei ndogo, na fedha ya sare ikabaki mkobani. Tulipokuwa tunaaga, alitukumbusha: "Angalieni nyekundu na nyeusi. Msizichanganye." Tuliitikia kwa adabu, kisha tukasahau.

Kupanda mlimani

Magari ya Mgeta hufuata barabara ya Iringa, kisha huiacha na kuanza kupanda. Joto la mjini linabaki nyuma, watoto wanaomba masweta. Matuta ya mboga yamepangwa ubavuni mwa mlima kama ngazi: kabichi, karoti, njegere, viazi. Akina mama hupishana njiani na vikapu kichwani, wakiteremka penye mteremko ambao sisi tungeushuka kwa kukaa kitako. Katika nyumba nyingi utasikia mbuzi wa maziwa, ambao asili yao ni Norway. Waliletwa Mgeta miaka ya 1980 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Bibi anao wawili, na chai yake ni ya maziwa yao.

Baada ya chai baba watoto alizima redio na kuchomoa waya kwenye umeme. Alichuna ncha za waya mpya, akazifunga palepale zilipokuwa za zamani, moja baada ya nyingine. Bibi aliketi. Tukawasha.

Sauti ilikuwa ileile, nyembamba, haina kifua.

Hakuna aliyesema kitu. Bibi alitazama mikono yake. Baba watoto alitoka nje, na tulijua kwa nini ametoka. Hapo ndipo fikra zilipoturudisha kwenye ule waya wa dhahabu, tukajiuliza kama tumembania Bibi kwa ajili ya sare.

Binti yetu mkubwa ndiye aliyesema, "Lakini yule babu alisema nyekundu na nyeusi."

Rangi za nyuma ya spika zilikuwa zimefutika kwa miaka. Tulimwita baba watoto ndani, naye akakumbuka njia ya zamani ya mafundi. Alichomoa waya zote kwenye redio, akachukua betri moja ya tochi ya volti 1.5, akagusisha ncha za waya wa spika ya kulia kwa nukta moja tu. Karatasi nyeusi ya spika ilisogea mbele. Akafanya vilevile kwa spika ya kushoto, akianza na upande uleule. Karatasi ilirudi nyuma.

Basi kosa lilikuwa hapo. Yule fundi aliyeunga waya baada ya panya alikuwa ameugeuza upande mmoja, nasi tukalifuata kosa lake kwa uaminifu. Kaseti ya harusi ilirekodiwa kwa maikrofoni moja, kwa hiyo spika zote mbili husema neno lilelile. Moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, ni kama watu wawili kwenye mlango mmoja, huyu nje na huyu ndani: nguvu zao zinauana. Sauti nzito ndizo hufa kwanza. Sauti ya Babu ilikuwa nzito.

Tulibadilisha ncha mbili nyuma ya spika ya kushoto. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika moja, wala haikugharimu senti.

Babu alikohoa. Alikohoa katikati ya chumba, kana kwamba amesimama karibu na meza. Kisha akasema kwa sauti iliyotikisa kitambaa cha Bibi: "Wapeni akina mama viti kwanza."

Watoto walicheka. Bibi aliweka mkono mdomoni, akabaki hivyo hadi nasaha zilipokwisha. Halafu akaomba tuirudishe kaseti mwanzo.

Mama msomaji, kama sauti ya redio ya nyumbani kwako imenyauka, usikimbilie duka. Zima kwanza, chomoa umeme. Tazama kama nyekundu imekwenda penye nyekundu na nyeusi penye nyeusi katika spika zote mbili. Tazama kama kuna uzi uliochomoza ukagusa wa jirani, maana huo huweza kuunguza redio. Penye unyevu kama milimani, shaba hugeuka kijani. Ikate ncha hiyo hadi upate shaba inayong'aa. Ikibidi kununua, pima mita zako, uliza shaba tupu, na omba kukwangua kwa wembe.

Asubuhi tulipoondoka, Bibi alituuliza waya ule ulikuwa shilingi ngapi. Tulimtajia. Alitikisa kichwa, akatufungia njegere na karoti za kupeleka nyumbani, akasema, "Basi sare zisichelewe." Kabla hatujafika barabarani tulisikia Babu akikohoa tena kutoka juu.