Gari la Kwanza Hupimwa Mteremkoni

UKITOKA mjini Eldoret kwa barabara ya Iten, unapanda polepole kati ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa kwa kiasi cha kilomita 35. Kisha ghafla nchi inakatika. Bonde la Kerio limetandazwa chini kama mkeka, na lami inaanza kujikunja kuelekea Tambach. Ni hapo, msomaji, ambapo mimi na mpwa wangu tulifunzwa kununua gari kuukuu.

Mpwa wangu ni mwalimu. Analala Eldoret na kufundisha katika shule moja chini ya Iten. Kwa miaka minne aliweka akiba katika chama cha ushirika, mama yake akaongezea pesa za fahali mmoja, zikatimia shilingi 350,000. Alitaka gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, wala hakutaka kusikia jingine.

"Mjomba, hayo ndiyo magari," aliniambia. "Mengine yanakokotwa kwa mbele kama mbuzi."

Hakukosea sana. Eldoret, mji ambao wenyeji wanauita Sisibo kwa sababu ya shamba nambari 64 ulikoanzia, na uliotangazwa kuwa jiji mwaka wa 2024, uliwalea watu wengi ndani ya Peugeot 504 zilizobeba abiria kati ya miji ya Bonde la Ufa. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Shekhar Mehta akaja kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Magari hayo yote yalisukumwa kwa nyuma.

Sababu si ngumu. Gari lililobeba watu na magunia linapopanda mlima, uzito huelemea nyuma, na magurudumu yanayosukuma hushika ardhi vyema. Ya mbele hubaki na kazi ya kugeuza. Lakini gari hilo hilo likiwa tupu katika matope ya mwezi wa Aprili, mkia wake hucheza, na dereva mwenye papara huishia mtaroni.

Tatizo ni bei. Tangu 1983, Corolla nyingi mpya zilihamia magurudumu ya mbele. Kwa hivyo mtu wa mfuko mdogo ana njia mbili: Corolla ya zamani, ile vijana wanayoiita DX, au gari kubwa kama Mark II ambalo injini yake ya lita mbili haichoki kudai petroli.

Tulianza na Mark II. Iling'aa kama kioo na rimu zake zilimtoa mpwa wangu pumzi. Fundi wetu, mzee wa Langas aliyezeeka chini ya magari, alitoa mfukoni sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji. Akaipitisha chini ya milango. Mahali pengi ilianguka. Chini ya rangi hapakuwa na bati, bali puti.

"Huyu amepakwa poda," alisema. Wahenga hawakukosea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

DX tuliiona siku iliyofuata, asubuhi na mapema. Fundi aligusa boneti kwanza ahakikishe ni baridi, kwani injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha mengi. Ilipowaka alitazama moshi. Wa buluu, alitueleza, ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma huenda ni maji yanayoingia ndani ya injini. Huu wetu ulikuwa mweusi kidogo, na hakushtuka. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupoteza kama thuluthi moja ya nusu hadi humusi ya nguvu zake, na kabureta iliyorekebishwa pwani humimina petroli kupita kiasi huku juu. Hilo hutengenezwa kwa bisibisi.

Akalala chini, akatikisa ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Haukulegea. Tulipoendesha alisikiliza difu, ambayo ikichoka hulia kama nyuki. Ilikuwa kimya.

Basi tukapanda hadi Iten, tukaanza kuteremka. Tulipokwenda kilomita chache, pedali ya breki ililainika, kisha ikazama. Fundi, aliyekuwa usukani, hakupiga kelele. Alirudisha gia ya kwanza, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, gari likasimama ukingoni.

"Mafuta ya breki yamezeeka, yamenyonya maji," alisema. "Yakipata moto yanachemka. Na mvuke haubani kitu."

Tulikaa hapo nusu saa gari lipoe. Wanafunzi waliotoka shule walipita, wakamtambua. "Mwalimu, hili ni lako? Utakuwa unatubeba?" Mpwa wangu alitazama bondeni, hakujibu.

Gari hatukulikataa. Bodi ilikuwa nzima na injini imara. Mwenye gari alipunguza shilingi 40,000, nasi hatukulipa kabla ya kulinganisha nambari za chesi na injini na zile za kitabu cha gari, na kuhakikisha umiliki utahamishwa kupitia NTSA.

Pesa alizotenga kwa rimu, redio na kulishusha gari zilikwenda kwingine. Gari lililoshushwa, fundi alimwambia, hukwaruza tumbo kwenye kila tuta. Alinunua silinda na mipira mipya ya breki, mafuta mapya, tairi nne za aina moja, na bamba la chuma la kukinga injini na mawe. Rangi hakubadilisha, maana hata hiyo lazima iandikishwe.

Pambo moja tu aliliongeza kwa hiari yake: mikanda mitatu kwenye kiti cha nyuma.

Juzi niliabiri naye hadi shuleni. Nyuma walikaa wanafunzi watatu, kila mmoja na mkanda wake. Mwanzo wa mteremko mpwa wangu aliingiza gia ya pili, akakanyaga breki mara moja kuijaribu, ikamjibu. Ndipo akaanza kuteremka.