Kutoka Baba Dogo Hadi Kibra: Mashamba ya Askari Wazee na Jamaa Zao

Watu wengi wakisikia jina la Kibra hufikiri vibanda vya mabati vilivyosongamana, wala hawafikiri jembe. Mimi nami nalikuwa hivyo. Nakaa Baba Dogo, upande wa mashariki ya mji wa Nairobi, karibu na Ruaraka, na jirani zetu wa Korogocho wana kijiji kiitwacho Kisumu Ndogo. Siku moja nalimwambia karani mwenzangu, ambaye ni Mnubi, kwamba nimesikia Kibra nako kuna Kisumu Ndogo. Akacheka, akasema, "Ndiyo, iko. Lakini ukija kwetu usije kutazama mabati tu. Njoo nikuonyeshe shamba la babu wa mama yangu." Neno hilo "shamba" lilinishangaza, nikaahidi kwenda.

Jumamosi asubuhi nalipanda matatu hadi katikati ya mji, kisha nikapanda nyingine ya barabara ya Ngong na kushuka karibu na soko la Toi. Rafiki yangu alikuwa akiningoja. Tukatembea kwa miguu hadi Makina, tukaupita msikiti, tukaingia katika nyumba ya chini yenye ua uliofagiliwa vizuri. Bibi yake alikuwa ameketi mkekani.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu uketi. Watoka mbali?"

"Natoka Baba Dogo."

"Basi umevuka mji mzima. Kula kwanza, maneno baadaye."

Tukaletewa chai na kisra, ule mkate mwembamba wa Wanubi, umefunikwa kwa tabaga, yaani kifuniko kilichosukwa kwa rangi nyingi. Tulipokwisha kula, mazungumzo yakaanza.

Yafaa msomaji ajue kwanza asili ya watu hawa. Wazee wao walikuwa askari kutoka Sudani, waliotumika chini ya Emin Pasha katika jimbo la Equatoria. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wao pamoja na jamaa zao akawapeleka Uganda. Baadaye waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Walipomaliza utumishi hawakurudishwa kwao. Kuanzia mwaka 1904 wakawekwa katika msitu ulio kusini-magharibi ya mji wa Nairobi, ambao wakati ule ulikuwa mji mchanga. Wakapaita mahali hapo Kibra, maana yake kwa Kinubi ni msitu. Mwaka 1918 serikali ikatangaza rasmi kwamba eneo hilo, ekari 4,197, ni la jeshi. Mkulima na apige hesabu: hayo ni mashamba ya ekari tano tano zaidi ya mia nane.

Kila jamaa ilifyeka sehemu yake. Watu wa asili moja walipenda kukaa pamoja, ndiyo sababu ya majina kama Kambi Muru, Kambi Lendu na Kambi Aluru. Walipanda mahindi na mboga, wakafuga ng'ombe. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na nafasi, na jirani alijulikana kwa jina la babu yake. Kwa ufupi, palikuwa kijiji cha wakulima, kama kijiji chochote cha wakulima katika Kenya.

Lakini kilikosekana kitu kimoja. Askari mstaafu alipewa na jeshi kibali cha kukaa na kulima, si hati ya kumiliki. Mwaka 1928 utawala wa Kibra ulitoka mikononi mwa jeshi ukaingia katika serikali ya kiraia. Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, ikatoa ripoti yake mwaka 1934. Ilisema kwamba Wanubi ni wapangaji tu katika ardhi ya serikali, ingawa serikali ina wajibu wa kuwatafutia mahali pa kukaa. Tangu hapo ardhi ilimegwa kidogo kidogo. Palipokuwa mahindi pakajengwa mitaa kama Jamhuri, Fort Jesus, Ayany na Ngei, na wageni wengi wakaja kupanga vyumba. Hatimaye, mwezi wa Juni mwaka 2017, jumuiya ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Katika kila ekari mia za zamani, hizo ni kama ekari saba tu.

Bibi alitutoa nje. Akaelekeza fimbo yake kwenye ghorofa moja, akasema, "Pale palikuwa mpera wa mama yangu. Kutoka mpera ule mpaka chini bondeni tulilima sisi. Upande huu walilima jamaa ya sajini, na upande ule jamaa ya mpiga tarumbeta." Akaendelea kutaja jamaa baada ya jamaa, nani alimwoa nani, nani alikufa vitani. Nikamwuliza kama kibali cha babu yake kipo. Akajibu, "Kililiwa na mchwa, mjukuu wangu. Lakini mpaka naujua."

Maneno hayo yalinikumbusha wakulima wa Ireland, nchi ya mbali iliyo jirani ya Uingereza. Nao kwa muda mrefu walilima mashamba madogo ya mababu zao kama wapangaji wa mabwana wenye ardhi, hata sheria ya mwaka 1903 ikawasaidia wengi kwa mikopo ya serikali wayanunue. Tena mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali katika mji wa Dublin iliteketea, na hesabu nyingi za watu za karne iliyotangulia zikawa majivu. Leo mtu wa huko akitafuta ukoo wake hutegemea hesabu za watu za mwaka 1901 na 1911, vitabu vya kanisa, na vinywa vya wazee. Basi karatasi huungua na kuliwa na mchwa, na neno la mdomo halina nguvu barazani. Kila moja lahitaji mwenzake.

Nalimtazama rafiki yangu. Yeye ni karani. Kila siku huandika majina ya watu asiowajua, lakini ya bibi yake hakuwa ameandika hata moja. Hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na daftari la mtoto wa shule, akaketi mkekani, akasema, "Bibi, tuanze tena kutoka kwenye mpera."

Nilirudi Baba Dogo jua likizama. Sisi wa huku tumetoka wilaya nyingi, na wengi wetu tumepanga nyumba. Mashamba yetu yako kwa wazee, na watoto wetu hawajui mipaka yake. Sikukuu ijayo tuwapelekee wazee sukari na majani ya chai, na daftari pia. Tuandike jina la babu, mpaka wa shamba na jina la jirani, kisha kila mtoto apate nakala yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.