Kura ya Mama

Kwetu Garissa chama cha siasa ni vazi la msimu. Nathif Jama aliupata ugavana mwaka 2013 kwa tiketi ya Wiper, akashindwa na Ali Korane wa Jubilee mwaka 2017, kisha akarejea mwaka 2022 kwa tiketi ya ODM. Sikusikia mtu akiuliza itikadi. Swali letu huwa jingine: ni wa ukoo gani? Mwanasiasa hana haja ya kutaja kisima wala zahanati. Humtaja babu, na wazee wakagawana viti kabla ya siku ya kura.

Mama yangu alizaliwa katika ukoo mmoja, akaolewa katika mwingine. Kwao huambiwa kura yake imekwenda na mume. Ukweni, kwamba moyo wake umebaki kwao. (Baraza lenyewe, la wanaume watupu, halijapata kumwuliza.) Kwa hoja iyo hiyo wanawake walizuiwa kugombea, hata mwaka 2017 Ijara ilipomchagua Sophia Abdi Noor, mwanamke wa kwanza wa Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha eneo bunge.

Mama hupiga kura kila uchaguzi. Hurudi na wino kidoleni, akateka maji, wala hamwambii mtu.