Kisanduku cha Tezini

Ndugu msomaji, ukitaka kumjua mwenye nyumba usiishie sebuleni. Omba ruhusa uende msalani. Ndivyo nilivyofanya nilipokwenda Nungwi kutazama majahazi. Mkuku, mlingoti na tanga vimekwisha kusifiwa na wengi. Mimi nilikwenda kutazama choo.

Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, mwendo wa kilometa karibu 60 kutoka mjini. Utapita Mahonda, utapita Kinyasini, kisha barabara itakufikisha penye mahoteli ya watalii. Usisimame hapo. Shuka pwani ufuate mlio wa tezo, utawakuta mafundi chini ya vivuli vya makuti. Hawana ramani ya karatasi; kipimo chao ni jicho, uzi na mkono.

Siku niliyofika, jahazi moja kuukuu lilikuwa limepandishwa mchangani kwa maji ya bamvua na kuegemezwa magogo. Vijana walikuwa wakilikalafati, wakishindilia pamba yenye mafuta katika mianya ya mbao. Mzee mmoja alikaa peke yake nyuma ya chombo, akichonga vipande vifupi vya ubao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama chombo?"

"Nimekuja kutazama choo chake."

Alicheka, akanionyesha kwa tezo. "Basi umekwisha fika."

Choo cha jahazi, ndugu msomaji, ni kisanduku cha mbao kisicho na paa, kinachoning'inia nje ya chombo upande wa tezi. Sakafu yake ni mbao mbili zilizoachana. Chini ya hapo ni bahari. Maji ya kujisafishia huchotwa kwa kopo lililofungwa kamba. Mabumu ya Kuweit, yaliyokuwa yakifika Zanzibar kwa upepo wa kaskazi, nayo yalikuwa na visanduku vya namna hiyo.

Hakuna sehemu ya jahazi inayoteseka kama hiyo. Hulowa kwa mawimbi, hukaushwa na jua, kisha hulowa tena. Kutu hula misumari. Bandarini vyombo husuguana, nacho ndicho cha kwanza kugongwa. Juu ya hayo, hakuna anayekikumbuka mpaka haja imfike.

Nahodha wa jahazi hilo alinisimulia kwa nini amekumbuka safari hii. Usiku mmoja, katikati ya mkondo wa Pemba, baharia wake alikanyaga ubao uliooza. Ubao ulikatika. Kijana aliponea kamba ya usukani, akaning'inia, miguu majini, huku akipiga kelele ambazo upepo ulizichukua. Aliyekuwa zamu ndiye aliyemsikia. "Ningempoteza mtoto wa watu kwa ajili ya ubao mmoja, bwana mwandishi," alisema. "Ningemwambia nini mama yake?"

Maneno hayo yalinikumbusha marehemu bibi yangu. Ujanani mwake alisafiri kwa jahazi kutoka Wete hadi Tanga. Alitueleza kwamba tangu asubuhi ya safari hakutia tone la maji kinywani, jua lote lile, kwa kukiogopa kisanduku cha tezini kilichokuwa na ukuta wa kufika magotini tu. Siku hizi abiria wengi wa visiwani hupanda meli na boti za kasi, na majahazi yamebakiwa zaidi na mizigo. Lakini mabaharia bado hulala humo siku nyingi, nao ni watu.

Mzee yule hakutaka kutia kiraka. "Ubao uliooza haushiki msumari," alisema. Alivunja kisanduku chote. Alipitisha magogo mawili mapya hadi ndani, akayafunga kwenye mataruma, ili uzito wa mtu usibebwe na ubao wa ubavuni peke yake. Kila tundu alilitoboa kwanza kwa keekee, mbao zisipasuke. Ukuta aliupandisha mikono miwili, mtu achutame asionekane.

Nilimwuliza juu ya uchafu unaoanguka baharini. Akajibu kwamba chombo kikitia nanga, kisanduku hakiguswi. Mtu hushuka pwani akatafuta choo. Ni mwiko wenye maana. Mwaka 1978 kipindupindu kilipozuka Zanzibar, kilipiga kijiji cha wavuvi. Na meli kubwa ziendazo nchi za nje zimewekewa sheria ya kimataifa, iliyoanza kutumika mwaka 2003, kwamba uchafu wa vyoo usiosafishwa usimwagwe karibu na nchi kavu kuliko maili 12 za bahari. Lakini mwiko huo unahitaji choo kilicho wazi na safi pale bandarini.

Nilirudi mjini jioni. Katika nyumba niliyopanga tu wapangaji wa vyumba sita, na choo ni kimoja. Bawaba ya mlango wake ilikuwa imekatika kwa miezi mitatu, na kila mmoja wetu alimngojea mwenziwe. Kesho yake nilinunua bawaba na misumari minne.

Wahenga walisema, tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nawe, ndugu msomaji, hebu utazame mlango wa choo chenu leo hii kabla jua halijatua.